Tableti ya kuchorea: isiyo na kioo, yenye kioo au iPad? Nataka kujifunza kwa kuchora sanaa za kale

Kalamu_ya_Pwani
Wakuu, habari za jioni. Kuchora kwa kidole kwenye simu nimechoka, mwezi huu nanunua kifaa. Nimebaki na njia tatu: tableti isiyo na kioo ya kuchomeka kwenye kompyuta, yenye kioo chake, au iPad. Nataka kufanya mazoezi kwa kuchora sanaa za kale, nianzie milango ya Mji Mkongwe. Ipi itanifaa?

FundiWino
Mkuu, bajeti kiasi gani? Laptopu unayo? RAM ngapi? Umeme wa huko kwenu ukoje? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

MamaNakshi
Useme pia unataka kuzifanyia nini hizo kazi. Kama ni za kuchapisha kwenye vitambaa, tumia programu ya Inkscape, maana mchoro wa vekta unaukuza upendavyo na mistari haichakai. Kama ni picha za rangi, Krita inatosha. Zote mbili ni za bure.

Msasani77
iPad, hakuna cha kujadili. Programu yake ya kuchorea, Procreate, unailipia mara moja tu, na unaweza kukaa barazani ukachora ukiwa unautazama mlango wenyewe. Ila kuwa makini na kalamu: Apple Pencil ya USB-C, ile ya 2023, haihisi mkandamizo. Ukandamize, uguse kidogo, unene wa mstari ni uleule. Kwa mtu wa nakshi hilo ni pengo kubwa.

Mrangi_wa_Kolo
Mimi nasema isiyo na kioo. Mwanzoni inasumbua kwa sababu mkono uko mezani na macho yako kwenye laptopu, lakini mtu anazoea na shingo haiumi. Picha ya zamani unaiweka nusu ya kioo, yako nusu nyingine. Tena nyingi kalamu zake hazitumii betri.

DadaRangi
Ndugu, kabla hujagusa yenye kioo, nisikilize. Mwaka jana nilinunua ya mtumba kwenye duka moja hapa mjini. Muuzaji aliiwasha, nikachora pale pale, safi kabisa. Nikaomba kuijaribu kwenye laptopu yangu, akasema haina haja. Kufika nyumbani, waya wake wa vichwa vitatu ulikuwa umefungwa gundi kwa ndani, ukiutikisa picha inapotea. Nikichomeka chaji ya laptopu, mistari inatetemeka kama imechorwa ndani ya daladala. Nikairudisha, akaniambia kosa ni la laptopu. Nikaenda na laptopu nyingine ya jirani, ikatetemeka vilevile mbele ya macho yake, akaniambia sasa muda wa kurudisha umepita. Fundi wa pili ndiye aliyegundua kwamba kioo kiliwahi kufunguliwa na kubandikwa upya, ndiyo maana hata alama ya kalamu ilikuwa inakaa pembeni ya ncha. Hela yangu haikurudi. Kama ni yenye kioo, nunua mpya, yenye risiti na garantii, na ijaribiwe kwenye kompyuta YAKO.

FundiWino
Pole sana dada. Na umeme ukikatika, nyingi za aina hiyo huna kazi tena. Ndiyo maana niliuliza.

Kalamu_ya_Pwani
Nashukuru wote. Bajeti laki nne. Laptopu ipo, RAM 4GB. Kwa sasa nafuatisha juu ya picha nilizopiga mwenyewe.

Msasani77
Laki nne kwa iPad mpya haitoshi, utafute iliyotumika. Lakini kufuatisha acha kabisa. Mkono haujifunzi chochote.

Mrangi_wa_Kolo
Hapo sikubaliani nawe. Michoro ya miambani ya Kondoa, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey mwaka 1951 aliinakili kwa kuifuatisha, na kwa kufanya hivyo akaona maumbo yaliyopandana ambayo mpita njia haoni. Kufuatisha kunalazimisha jicho lipite kila mahali.

Msasani77
Yeye alikuwa anatunza kumbukumbu, mkuu. Huyu anajifunza kuchora. Ni kazi mbili tofauti.

MamaNakshi
Afuatishe mara moja, afunge picha, achore upya kwa kumbukumbu. Na mlango usiuchukue mzima mzima. Chora mwimo mmoja, yaani nguzo ya pembeni ya fremu: chini mara nyingi kuna samaki au mawimbi, shina linapanda juu, na mnyororo unazunguka ukingoni. Kisha mfaa, ule mti wa katikati, halafu kizingiti cha juu. Tofautisha pia mikono ya mafundi: wenye kizingiti kilichonyooka na maandishi ya Kiarabu si sawa na ule wa juu mviringo wenye maua mengi, ambao una mkono wa Kihindi. Ukichanganya bila kujua, kazi inakosa asili. Ukimaliza milango, tafuta picha za misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate. Nyekundu, nyeusi na manjano tu, na imetosha!

Brashi_Moja
Mbona hakuna aliyemtaja mchoraji Edward Saidi Tingatinga? Usuli mmoja bapa kwanza, kisha mnyama, kisha madoa. Hizo ni leya tupu, zile tabaka za mchoro kwenye programu! Na alifanya hivyo kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi.

FundiWino
Alianza 1968. Hiyo ni sanaa ya kale kweli?

Brashi_Moja
Amefariki 1972, zaidi ya miaka hamsini. Kwa mwanafunzi inatosha. Ila mtindo bado una wachoraji hai Dar, kwa hiyo ajifunze, asichukue kazi zao akauza.

MamaNakshi
Hilo nakuunga mkono kwa nguvu zote.

DadaRangi
Kwa picha za nje, jumba la Metropolitan la New York tangu 2017 limeachia picha za kazi nyingi za zamani bure, na Rijksmuseum la Amsterdam pia. Za huko unazikuza hadi unaona brashi ilipopita. Za kwetu zenye ubora huo sizipati.

Mrangi_wa_Kolo
Ndiyo maana twendeni tukapige wenyewe. Nani yuko Kondoa au Dodoma mwezi ujao?

Kalamu_ya_Pwani
Mimi niko Bagamoyo, milango ipo na huku. RAM 4GB itaifungua Krita na leya kumi kweli, au nayo niiongeze kwanza?