Wakuu, mafaili yamegeuka jina na imeili imejaa. Fundi anakuja kesho asubuhi, nimruhusu?

MamaPrinti_Tanga · Jumanne, saa 3:10 usiku

Habari za jioni wanajamvi. Mimi si mtaalamu, mnijibu taratibu kama mnamwelekeza mgeni njia.

Nina steshenari Ngamiani, mwaka wa tisa sasa. Natoa kopi, nachapa, nabaindi risechi za wanachuo, naandika barua za kazi, mikataba ya kupanga, kadi za harusi. Nina kompyuta moja ya mezani, Windows 10, na eksteno, yaani diski ya nje, ya TB 1 iliyochomekwa nyuma ya mashine tangu siku niliyoinunua. Haijawahi kutoka hapo. Kila jioni nakopi kazi za siku naziingiza humo, na nilikuwa najiona mjanja kuliko steshenari zote za barabara yetu.

Jana nilikwenda msibani Makorora nikamwacha kijana dukani. Huku nyuma akataka programu ya kupambia kadi, akashusha kraki mtandaoni, yaani programu ya wizi iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe. Kraki ikamwambia azime antivairasi kwanza. Akazima. Niliporudi saa kumi na moja jioni kila faili lina herufi nne za ajabu mwishoni, halifunguki, na kila folda lina karatasi inaitwa _readme.txt. Kiingereza changu kinatosha kuelewa kwamba nadaiwa dola 980, na nikilipa ndani ya saa 72 napata nusu bei, 490. Wezi nao siku hizi wana punguzo, kama mitumba jua likizama.

Nikakimbilia eksteno. Nayo hivyo hivyo.

La pili ni imeili. Tangu Alhamisi wateja wananipigia kwamba kazi wanazonitumia kwenye Gmail zinawarudia. Nikifungua naona GB 15 zimejaa. Fundi wa jirani anasema yote mawili dawa ni moja: anafomati kompyuta, yaani anafuta kila kilichomo, na mimi nifute imeili zote nianze upya. Elfu arobaini. Anakuja kesho saa 3 asubuhi.

Nina risechi 14 za kukabidhi Ijumaa ya wiki ijayo. Wanafunzi wengine wana kopi kwenye flashi, lakini za zamani. Masahihisho ya masupavaiza niliyaingiza mimi mwenyewe. Tangu jana sijala kitu cha maana. Nawasilisha.

---

Kipanga_07 · Jumanne, saa 3:31 usiku

Pole sana mama. Hivyo virusi havina dawa, fomati tu maisha yaendelee.

Imeili ni kazi ya dakika tano. Kwenye sehemu ya kutafuta andika larger:10M, zitakuja zote zenye viambatisho vizito. Chagua zote, futa. Halafu ingia kwenye Taka ufute tena, maana zikikaa Takani bado zinahesabiwa kwenye zile GB 15 mpaka siku 30 ziishe.

---

Bisibisi · Jumanne, saa 3:44 usiku

Mama, mpigie fundi usiku huu huu umwambie asije. Na usifute imeili HATA MOJA. Kipanga, ulichoandika kuhusu Gmail ni kweli tupu, ila leo si siku yake.

Nijibu haya kwanza. Wateja wanakutumia kazi kwa imeili, si ndiyo? Na wewe ukimaliza kuchapa, ukiingiza masahihisho, unawarudishia kwa njia gani?

---

MamaPrinti_Tanga · Jumanne, saa 3:52 usiku

Wengine WhatsApp, ila risechi ni kwa imeili. Wanataka kuona kabla sijabaindi, maana nikishabaindi kosa ni langu.

---

Bisibisi · Jumanne, saa 4:25 usiku

Basi kalale, na ule kwanza. Hiyo Gmail iliyojaa, unayoilaani tangu Alhamisi, ndiyo kopi yako ya tatu. Kila risechi uliyomrudishia mtu akaihakiki ipo kwenye Zilizotumwa, na kirusi cha kwenye kompyuta hakifiki huko. Fundi wako angefomati kimoja na kukufutia kingine, halafu akatoza elfu arobaini.

Sasa nikueleze ulichonacho. Ukiona _readme.txt, 980 na 490, saa 72, na herufi nne nyuma ya kila jina, hiyo ni familia inayoitwa STOP, wengine wanaiita Djvu. Inapenda kusafiri ndani ya kraki. Ikishaingia inafunga kila diski inayoiona, na eksteno yako ilikuwa inaonekana saa zote. Haikujali kwamba wewe unaiita bakapu.

Usilipe. Kuna watu wanalipa wakabaki hivyo hivyo, na hao jamaa huna pa kuwashitaki. Fungua ile _readme.txt uende chini kabisa, kuna namba ndefu wameiita personal ID. Tazama herufi mbili za mwisho. Zikiwa t1, maana yake siku ile kirusi hakikuweza kuzungumza na sava yao, yaani kompyuta yao kuu ya mtandaoni, kikatumia ufunguo wa akiba, ambao ni mmoja kwa waathirika wengi. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungulia, na funguo za akiba zikipatikana zinaongezwa humo. Zisipokuwa t1, ufunguo wako ni wa peke yako na hakuna anayeweza kuubahatisha. Usiamini tangazo lolote la mtu anayedai anaufungua kwa laki mbili. Kuna pia mradi wa No More Ransom, ulianzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Humo programu zote za kufungulia ni bure, unapakia faili moja lililofungwa na ile karatasi, wanakuambia kama dawa ipo.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui: kirusi hiki kina haraka. Hakifungi faili zima, kinafunga KB 150 hivi za mwanzo kisha kinakimbilia jingine. Barua ya ukurasa mmoja inakwisha yote. Lakini kama una ZIP au RAR kubwa ya kazi za zamani, yaani faili moja lililobanwa lenye mafaili mengi ndani, kwa kawaida faili la kwanza ndani yake ndilo linaloharibika, mengine ni mazima. Toa kopi ya hiyo ZIP, kwenye kopi ondoa zile herufi nne, ijaribu kwa programu ya WinRAR, ina sehemu ya kukarabati. Usijaribu kwenye ile ya asili.

Diski zote mbili zichomoe uziweke kando. Usifomati. Nunua diski nyingine uweke Windows mpya humo. Na kwa kuwa Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mwulize muuzaji kama mashine yako inakubali 11.

Kesho, kwa simu au kompyuta isiyo yako, badilisha nywila ya Gmail kabla ya kitu kingine chochote. Kirusi hiki mara nyingine huja na mwenzake wa kuiba nywila. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha ingia kwenye mipangilio uone kama hakuna anwani usiyoijua inayopelekewa barua zako kimyakimya.

Baada ya hapo andika kwenye kutafuta: in:sent filename:docx. Shusha moja moja. Ukimaliza rudia na filename:pdf.

---

KaraniMstaafu · Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Binti yangu, nimesoma nikatamani miaka yangu ya ofisini ningekuwa na bahati kama yako. Mimi nilikuwa natumia Outlook, programu ya kusomea imeili, iliyofungwa kwa mtindo wa POP. Sikujua kwamba ikishusha barua inazifuta kwenye sava. Barua za miaka sita, na za bosi humo humo, zilikuwa ndani ya faili moja lenye mwisho wa .pst kwenye kompyuta yangu. Siku diski ilipoanza kulia tak-tak-tak nilimwona fundi akitikisa kichwa kabla hata hajafungua kava.

Siku hizi mjukuu wangu kanifungia kwa IMAP. Barua inabaki kwenye sava, naisoma kwenye simu, naisoma kwenye laptopu, ni ile ile. Anayetumia Outlook atazame hilo leo kabla ya chai.

---

Kipanga_07 · Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Bisibisi nimekaa kimya nimesoma. Kweli ningemmaliza mama wa watu. Lakini Gmail bado imejaa, na kazi mpya zitaingia vipi bila kufuta?

---

Bisibisi · Jumatano, saa 2:40 asubuhi

Swali zuri. GB 15 si za imeili peke yake, zinagawanwa na Google Drive, yaani hifadhi ya mafaili mtandaoni, na picha. Mama, nakuwekea dau: simu yako inapandisha picha na video kwenye akaunti hiyo hiyo ya duka. Fungua ukurasa wa hifadhi wa Google uone nani anakula nini. Video za harusi zihamishe kwenye diski, hakikisha zinacheza, ndipo uzifute huko juu. Barua usiziguse. Nafasi ikipatikana zitaanza kuingia tena, ila zile zilizokwisha kuwarudia wateja hazitakuja zenyewe. Waombe watume upya.

Na ukisikia mtu anasema "weka kila kitu Drive au OneDrive umemaliza", mwulize folda lile linasawazishwa au linahifadhiwa. Likisawazishwa, faili likifungwa na kirusi huku, kule juu nalo linabadilika. Drive hukuwekea matoleo ya nyuma kwa siku 30, unaweza kurudi ukiwahi. Usipowahi, basi.

---

MamaPrinti_Tanga · Jumapili, saa 10:15 jioni

Wakuu nimerudi, mniwie radhi kwa ukimya. Nilikuwa nakesha.

Namba yangu haikuishia na t1. Nimeisoma mara nne, nikamwita na binti yangu aisome, haikubadilika. No More Ransom nao wakasema hakuna dawa kwa sasa. Basi diski zote mbili nimezifunga kwenye kanga chakavu, nikaandika tarehe, nimeziweka juu ya kabati la vyombo. Zikae. Huenda siku moja.

Bisibisi dau umeshinda. Picha na video zilikuwa GB 9 na ushee. Harusi mbili, na video ya mjukuu akijifunza kutambaa, dakika arobaini nzima, sijui nani alisahau kuzima simu. Nimezihamisha, imeili zinaingia.

Risechi: kati ya 14 nimezipata 11 kwenye Zilizotumwa, zikiwa na masahihisho yote. Mbili nilizituma kwa WhatsApp, zimo kwenye simu za wenyewe. Moja ndiyo imepotea, ya binti mmoja wa ugavi. Yeye huja dukani na flashi, anakaa kando yangu, tunasahihisha pamoja, anaondoka. Hatujawahi kutumiana kitu. Flashi yake ina toleo la mwezi wa tatu. Nimemwita tukarudia sura ya nne yote na nusu ya ya tano, yeye anasoma maandishi ya supavaiza pembeni mwa karatasi, mimi nachapa. Siku mbili. Sijamtoza na wali nimempikia.

Nilikuwa na ZIP ya kazi za 2022, karibu GB 2. Nimefuata maelekezo juu ya kopi: faili la kwanza limekufa, lilikuwa ratiba ya kikoba, mengine yote yamefunguka. Hapo nilipiga kelele mpaka muuza vocha wa nje akaingia kuuliza kulikoni.

Utaratibu mpya: nimenunua eksteno mbili ndogo, GB 500 kila moja, moja nimeipaka rangi ya kucha nyekundu, nyingine sijaipaka. Jioni nachomeka moja, nakopi, nachomoa. Jumamosi nyekundu inakwenda nyumbani kwenye mkoba na isiyo na rangi inarudi dukani. Muuzaji aliniambia zote ni sawa, lakini nilipokopi ZIP ya video za harusi, GB 6, moja ikagoma na kusema faili ni kubwa mno wakati nafasi ipo tele. Binti akagundua imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili la zaidi ya GB 4. Tukaifomati exFAT, isiyo na kikomo hicho, kabla haijawa na kitu. Mkinunua tazameni hilo.

Kazi ikiisha najitumia na mwenyewe kwa imeili, kwenye akaunti nyingine ya kazi tu, isiyojua simu yangu ilipo.

Kijana bado niko naye. Nimemfungulia akaunti yake kwenye Windows isiyoruhusu kusakinisha kitu bila nywila yangu. Alilia siku ile kuliko mimi.

Sasa swali jingine. Wapo wateja watatu, wote wa shule moja, nikiwatumia kazi wanasema hawaoni, kumbe zinaingia kwenye spamu yao. Wengine wote zinafika vizuri. Ni kwangu au ni kwao?

---

Bisibisi · Jumapili, saa 11:02 jioni

Wote watatu wana anwani za shule, au za Gmail? Na unawatumia faili peke yake bila kuandika neno ndani ya barua?

---

MamaPrinti_Tanga · Jumapili, saa 11:09 jioni

Za shule. Na ndiyo, natuma faili tu, kichwa cha habari nakiacha wazi. Niandike nini, si wanajua ni kazi yao?

---

Bisibisi · Jumapili, saa 11:15 jioni

Wao wanajua, sava yao haijui. Barua isiyo na kichwa, isiyo na neno, ina kiambatisho tu, ndivyo virusi vinavyotumwa. Andika "Risechi ya fulani, toleo la pili, naomba uhakiki" na jina la duka chini. Kisha waambie wafungue spamu, waitoe hapo kwa kubonyeza kwamba si spamu, na waihifadhi anwani yako. Jaribu kesho utuambie.