Naomba ushauri: Peugeot 404 ya urithi, nataka ibaki kama ilivyotoka kiwandani

Wakuu, habari zenu. Gari ni ya marehemu baba, injini ya cc 1618, imelala miaka mingi Tanga na chumvi ya bahari imeanza kula bodi chini ya milango. Kupaka upya sitaki; rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi.

Injini nimetoa plagi, nikatia vijiko 2 vya dizeli kila silinda, nikaacha siku 2, kisha nikazungusha taratibu kwa hendeli. Inazunguka. Sijawasha, maana tangi lina kutu ndani na itaishia kwenye kabureta.

Kinachonisumbua zaidi ni difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu. Ya 404 ina gia ya shaba inayozungushwa na skrubu ya chuma, na oili nyingi za difu za siku hizi zina salfa kali inayokula shaba, hasa ikipata moto. Oili niliyomwaga ina vumbi la rangi ya dhahabu linalong'aa vidoleni, nahofia ni hiyo shaba. Je, niweke oili ya asili ya nyonyo, au sintetiki isiyo na salfa hiyo? Na kutu ya chini ya milango naizuiaje kwa ndani, bila kugusa rangi ya nje?