Taarifa ya polisi ya kila mwezi Tanga: wakikamata wengi ndo uhalifu umezidi au umepungua?

kijana_wa_makorora:
Wakuu habari za jioni. Leo kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa, naomba wenye uelewa mnisaidie. Kila baada ya muda kamanda wa polisi wa mkoa anaita waandishi anasoma taarifa, "kupitia misako na doria tumefanikiwa kuwakamata watuhumiwa kadhaa", na mezani zimepangwa tv, redio, pikipiki, mabunda ya mirungi, madumu ya gongo, mnaijua ile picha. Sasa jamaa mmoja wa bajaji anasema ukisikia wamekamata wengi mwezi huu kuliko uliopita ujue mji umeharibika. Mwingine anasema hapana, hiyo ni dalili kwamba askari wanafanya kazi na wahuni wanapungua. Kila mmoja anatumia namba ileile kumpiga mwenzie.

Mi nilibaki katikati, ila kuna kitu kinanikera. Huku kwetu ikishaingia magharibi ukiongea na simu ukingoni mwa barabara boda inapita imeshaondoka nayo, na hii si siri kila mtu anajua. Mbona kwenye taarifa hizo simu hatuzisikii sana, tunasikia mirungi tu? Afu zile namba ni za jiji au za mkoa mzima?

DugaMpaka:
Mkoa mzima hiyo mkuu. Humo kuna Lushoto, Korogwe, Handeni, Kilindi, Muheza, Pangani, Mkinga, wote wamo. Sensa ya 2022 mkoa ulikuwa na watu milioni 2.6 na kidogo, jiji lenyewe halifiki laki nne. Kwahiyo mtu akisoma kesi za mkoa afu akasema "Tanga mjini pameharibika" anatuonea, inawezekana nusu ya hizo ni ng'ombe walioibwa huko Kilindi 😂

mstaafu_wa_kaunta:
Wanangu mimi nilikuwa askari, nimestaafu sasa, na miaka mingi nimekaa CRO, chumba cha kupokelea malalamiko, pale kaunta naandika RB, yaani taarifa ya tukio kwenye kitabu cha kituo, kwahiyo hili nalijua kidogo. Rafiki zako wote wawili wamekosea kwasababu wanaichukulia ile namba kama kitu kimoja wakati ndani yake kuna vitu ambavyo havifanani kabisa.

Polisi wanagawa makosa makubwa ya jinai mafungu matatu. Kuna makosa dhidi ya binadamu, yaani mauaji, kubaka, kulawiti na mengine ya namna hiyo. Kuna makosa ya kuwania mali, hapo weka unyang'anyi, kuvunja nyumba na kuiba, wizi wa pikipiki, wizi wa mifugo. Halafu kuna makosa dhidi ya maadili ya jamii, ndo huko wanakokaa bangi, mirungi, gongo na wenzao. Sasa niambie, nani anakuja kaunta kuripoti kwamba jirani yake amekula mirungi? Mlaji hawezi kuja, muuzaji hawezi kuja, hakuna mlalamikaji. Kesi ya mirungi inazaliwa pale askari wanapotoka kwenda kumtafuta mtu. Mwezi wakifanya misako kila usiku namba inapanda, mwezi wakipelekwa kulinda mitihani au ziara ya kiongozi namba inashuka, na mirungi ni ileile imepita Horohoro kama kawaida, maana wenzetu upande wa pili kwao ni zao halali la biashara na huku kwetu ni dawa ya kulevya kisheria, mpaka ni huohuo mmoja na bandari bubu ziko pwani yote. Kwahiyo fungu hili ukiona limepanda ujue gari ya doria ilikuwa na mafuta. Basi.

Fungu la mali ni kinyume chake. Lile linategemea wewe raia utoke nyumbani uje uripoti. Watu wakikata tamaa na kituo, namba inashuka vizuri kabisa na kila mtu anapongezwa, kumbe wezi wako palepale. Mauaji ndo namba ninayoiamini mimi, kwasababu maiti haifichiki kirahisi.

Na la ukatili wa wanawake na watoto mlisome kwa akili. Tangu lilipokuja dawati la jinsia na watoto vituoni watu wanafika kusema mambo ambayo zamani yalimalizwa sebuleni na wazee, mtoto anaharibiwa familia zinakaa zinalipana. Hapo kesi zikiongezeka mimi binafsi sishtuki, nashtuka zikipungua ghafla.

mama_nasra_tng:
Shikamoo mzee, umeongea. Ngoja nimjibu kijana kuhusu simu maana mie yalinikuta. Nilikwapuliwa simu barabarani kweupe, nimeshikilia mtoto, nikaenda kituo kimoja hapahapa mjini. Yule askari wa zamu mpole tu hakunifokea, akaniuliza "unataka line yako irudi?" nikasema ndio, akasema basi sema umepoteza utapata ripoti ya upotevu haraka uende mtandao wako ukarenew line, ukisema wizi itabidi ufunguliwe jalada uandike maelezo, uje kila siku, na mwizi humjui. Nikaona kweli naharaka zangu, nikakubali. Shoga zangu watatu wote wameambiwa hivohivo!!

Sa kwenye vitabu sisi hatukuibiwa, tumepoteza. Mji una wanawake wazembe wa kupoteza simu hatari. Ndo maana kwenye taarifa husikii simu kijana wangu, haziko kwenye fungu lolote la mzee hapo juu.

mstaafu_wa_kaunta:
Marahaba mwanangu. Hilo sitalibisha, lipo, na linafanyika kwasababu mkuu wa kituo hataki kesi ambazo upelelezi wake haukamiliki, zinamharibia mwezi. Ila haki yako ni kusema "nimeibiwa" na kuandikiwa hivyo na kupewa namba ya RB, na RB hailipiwi. Hiyo RB ndo unapeleka kwa mtandao wako pamoja na IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe, wakufungie simu isitumike. IMEI mnaipata kwa kubonyeza *#06#, andikeni pembeni leo kabla hamjaibiwa, au tunzeni boksi la simu.

boda_mwaminifu:
jamani na sisi boda sio wote wezi 😩 mtu akiona boda anaficha simu mpaka anaangusha mwenyewe

Mbondei_Ughaibuni:
Salamu kutoka Ohio. Mimi ni wa Muheza ila niko huku Marekani mwaka wa ngapi sijui, na hii mada imenigusa kwasababu kamji ninakokaa kana polisi wake wenyewe, sio jeshi la taifa kama kwetu. Huko kwetu IGP, mkuu wa jeshi zima la polisi, ni mmoja kutoka Dodoma mpaka kituo cha mwisho Mkinga, jiji la Tanga lina mgambo tu basi. Huku mkuu wa polisi anaripoti kwa meya na baraza la mji, kwahiyo kila mwezi anapeleka karatasi wanajadili kama bajeti ya taka.

Kinachonifurahisha ni jinsi wanavyoanza. Mstari wa kwanza sio makosa, ni simu zilizopigwa kuomba askari. Na humo kuna kila uchafu, kengele ya duka imelia yenyewe, mbwa wa jirani anabweka, bibi hapokei simu nenda kamcheki, mtu kafungia funguo ndani ya gari. Baada ya hapo ndo yanakuja magari yaliyosimamishwa, faini, ajali, na mwisho kabisa makosa ya jinai na waliokamatwa. Ukisoma unaona kazi kubwa ya askari wa mji mdogo sio majambazi kabisa. Sisi kwetu taarifa inakuja na waliokamatwa tu, ile kazi nyingine ya kusuluhisha mke na mume saa nane usiku haihesabiki popote, na askari wetu wanaifanya sana.

Ila nao wana vituko vyao vya kuhesabu. Zamani FBI walikuwa na kanuni kwamba tukio moja likiwa na makosa mengi linahesabiwa kosa kubwa tu, yaani jambazi akiiba na akaua, inaandikwa mauaji, ule unyang'anyi umepotea kitabuni. Kuanzia Januari 2021 wakahamia mfumo mwingine wanaouita NIBRS, tukio moja linaweza kubeba hadi makosa 10. Sasa fikiria mji mdogo umebadilisha mfumo, mwizi ni yuleyule, kosa ni lilelile, namba imepanda na watu wanapiga kelele kwenye kikao meya ajiuzulu.

kijana_wa_makorora:
Aisee nimeelewa sana, mzee shikamoo na asante. Kumbe hata hapa kwetu nikisikia watuhumiwa kumi wamekamatwa inaweza kuwa tukio moja?

mstaafu_wa_kaunta:
Marahaba. Ndio hasa. Pagale moja limevamiwa wamekutwa kumi wanavuta, hiyo ni kesi moja watuhumiwa kumi, na msomaji anataja ile kubwa kwasababu inasikika vizuri. Halafu kukamatwa sio kupatikana na hatia. Waulize kesi ngapi zimefika mahakamani na ngapi zimeishia kwa mtu kufungwa, taarifa nzuri inayo na hiyo, wakati mwingine wanataja ila mwandishi anaikata anabaki na picha ya gongo.

Na usilinganishe mwezi na mwezi. Linganisha na mwezi huohuo mwaka jana, maana Desemba watu wanarudi kutoka Dar, na mji una shughuli zake.

DugaMpaka:
Mmesahau trafiki. Kwenye namba za polisi barabarani ndo kubwa kuliko zote, tochi ya kupima spidi barabara ya Segera peke yake kwa siku inaandika watu wengi kuliko wevi wa mwezi mzima, faini elfu 30 elfu 30, boda na bajaji ndo walipunguziwa ikawa elfu 10. Ukiona "makosa yameongezeka" angalia kwanza kama hawajachanganya na tochi 😂

mama_nasra_tng:
Mie nina swali moja kwa mzee. Kata yetu tuna mkaguzi wa polisi kata, kijana msikivu, anakujaga kwenye mikutano ya mtaa. Yeye tukimwomba atusomee matukio ya kata yetu peke yake kila mwezi, simu zilizoibiwa zimo, anaruhusiwa au atapata matatizo kwa wakubwa zake?

mstaafu_wa_kaunta:
Mwanangu asitaje majina ya watu wala kesi iliyo kwenye upelelezi, mengine amuombe OCD wake, mkuu wa polisi wa wilaya, ruhusa mapema asikurupuke. Ila mkitaka simu ziwemo hakikisheni ninyi wenyewe mmeandikisha wizi na sio upotevu, maana hawezi kusoma kitu ambacho hakipo kitabuni. Mkutano wenu lini?

mama_nasra_tng:
Jumamosi hii baada ya laasiri, ofisi ya mtaa. Nawaambia na wale shoga zangu watatu waje na maboksi yao ya simu.