Naomba ushauri: ngama ya boti ya matanga haikauki

Wakuu, naombeni msaada. Mlingoti wa boti yangu unapita kwenye sitaha hadi kwenye mkuku (uti wa chini wa boti), na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambapo maji hukusanyika, haikauki kabisa. Nimeonja maji: baada ya mvua hayana chumvi, nahisi yanateremka ndani ya mlingoti. Tukitembea kwa injini yanakuwa ya chumvi, na pakingi ya shafti ya propela (kizibo cha kuzuia maji pale shafti inapotokea nje) inadondosha maji hata injini ikiwa imezimwa. Nikaze nati inayoibana, au nibadilishe pakingi yote? Nikikaza mno naogopa shafti itapata moto.

Halafu pampu ya kutoa maji ya ngama ikizima, maji yaliyobaki kwenye mpira wa kuyatolea nje yanarudi chini. Nikiweka valvu ya kuyazuia yasirudi, si itapunguza nguvu ya pampu siku maji yakiingia mengi? Harufu imeshafika kwenye magodoro.