Namuuziaje tajiri sarafu ya tembo ya 1916?

Mdau_Lindi: Wakuu, ninayo hiyo sarafu ya tembo, rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora enzi za Wajerumani. Mkusanyaji toka Dar anakuja Jumamosi. Nianzie bei gani?

Mikindani: Mkuu, mwache ataje yeye kwanza. Kabla hajafika, ipime kwa sonara: takriban gramu 7.17. Ikipungua sana, shuku ni bandia. Dhahabu yake ni asilimia 75 tu, hivyo akipiga hesabu ya uzito kataa. Thamani iko kwenye uadimu. Angalia bei za minada ya karibuni, panga kiwango chako cha chini. Na tafadhali usiisugue! Mng'ao wa asili ukitoka haurudi, naye atakata bei papo hapo.

Kilwa_Masoko: Kutaneni benki, usiiachie mpaka fedha zisome kwenye akaunti. Ila zile sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni mambo ya kale kisheria, haziuzwi bila kibali.