Nikifuta barua pepe bila kuifungua, ihesabiwe imesomwa?

Wapendwa, naombeni ushauri. Hapa biro yetu ya Birere, Goma, tuko wawili kwenye anwani moja ya barua pepe, kwa Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe. Kila asubuhi nafuta matangazo bila kuyafungua, na kapu la taka linabaki na maandishi mazito meusi: 212 hazijasomwa! Inanikera. Nataka nikifuta tu, ijiandike imesomwa.

Mwenzangu hataki kusikia. Juzi alikuta humo bei ya saruji kutoka Gisenyi, niliyoifuta kwa haraka (connexion ilikuwa inakatika-katika). Aliiona kwa sababu ilikuwa bado nyeusi.

Najua kwenye IMAP (mfumo unaoacha barua kwenye seva ili wote wawili tuzione) alama ya kusomwa na ya kufutwa ni mbili tofauti. Nyinyi mnaotumia anwani moja, mnafanyaje?