Tupeane uzoefu: Mlioingia Lisbon mkashindwa kutoka, pitieni hapa

Mzururaji: Wakuu, ile picha ya tramu ya njano ikipanda Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, imezunguka tena leo na kila mtu anaandika "lazima nifike". Fikeni. Ila mjiandae, na nianze na miguu, maana huko ndiko penzi la mji huu linakovunjikia. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa, vimechongwa kwa nyundo na kupangwa kwa mkono juu ya mchanga, kimoja kimoja. Vyeusi vinachora mawimbi na maua. Raha kuvitazama. Lakini chokaa husuguliwa na nyayo mpaka ing'ae kama sahani. Manyunyu kidogo tu, nawe umevaa soli ya ngozi au kandambili, unakaa chini bila kukaribishwa. Vaa soli ya mpira laini yenye meno. Sanduku la magurudumu madogo acha; yananasa kwenye mianya ya mawe na kung'oka. Beba begi la mgongoni.

Mama Karafuu: Kweli tupu. Na mteremko wake usiuone kwenye ramani ukadhani ni tambarare.

Konda Mstaafu: Tramu namba 28 inatoka uwanja wa Martim Moniz hadi mtaa wa Campo de Ourique. Kosa la wengi ni kupanga foleni Martim Moniz saa nne asubuhi. Nenda kabla ya saa mbili, au anzia upande wa pili, kwenye makaburi ya Prazeres. Kadi ya nauli, Navegante, unainunua kwenye mashine za metro, kadi tupu senti 50, kisha unaijaza. Ukimlipa dereva taslimu unatoa karibu mara mbili. Kila mtu na kadi yake, msibebane.

Mabehewa yale ni ya miaka ya 1930, reli zake upana wake milimita 900 tu, ndiyo maana yanakata kona hadi mtu wa dirishani anaweza kugusa ukuta. Mlima ukilowa, dereva anamwaga mchanga kwenye reli ili magurudumu yashike. Ukisikia kitu kinasagika chini yako, ni huo mchanga, usishtuke. Wadokozi hufanya kazi kwa kikundi: mmoja anaziba mlango kama anatafuta chenji, wa pili anakusukuma, wa tatu ndiye mwenye mkono. Simu mfuko wa mbele.

Kisiki: Au panda namba 12. Inazunguka Alfama hiyohiyo, na mara nyingi watu ni wachache.

Konda Mstaafu: Kisiki umeharibu, sasa wataijaza hiyo nayo.

Mkaa Ngomeni: Mnasifia tramu, na Vasco da Gama amelala zake pale mtaa wa Belém, ukiingia tu kanisa la Jerónimos, kaburi limechongwa jahazi ubavuni. Waliojenga Fort Jesus 1593 ni Wareno haohao. Mtu wa Mombasa anaupendaje mji huo?

Bint Shela: Kwani 1498 Malindi hawakumpa rubani? Na nguzo yake watu wanaipiga picha hadi leo.

Mkaa Ngomeni: Hao ni Malindi, dada. Sisi hatukumpa kitu. Na ngome tuliwatoa 1698, baada ya kuwazingira karibu miaka mitatu.

Bint Shela: Mliwatoa nyinyi au Waomani?

Mzururaji: Jamani, mada ni mapenzi.

Mwalimu wa Zamu: Nitawapatanisha. Mwenye Kiswahili akitembea Lisbon vibao vingine vinajisoma vyenyewe: mesa, bandeira, vinho, lenço, parafuso. Meza, bendera, mvinyo, leso, parafujo. Ila angalieni mitego. Ukiona Igreja usikimbie, ni kanisa. Neno letu gereza limetoka hapo. Copo ni bilauri, si kopo la bati. Na Alfama yenyewe ni Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto, ndugu wa hamamu yetu. Waislamu walitawala pale mpaka 1147.

Fundi Mjengo: Ngojeni. Mnakatiza Baixa, katikati ya mji kule bondeni, hamjui mmekanyaga nini. Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, saa tatu na dakika 40 hivi asubuhi. Makanisa yamejaa, mishumaa inawaka kila altare. Ardhi ikatikisika dakika kadhaa, mapaa yakawashukia waumini. Walionusurika wakakimbilia uwazi wa ukingo wa mto Tejo, wakiamini pale hakuna cha kuwaangukia. Wakaona maji yamevutwa nyuma, chini ya mto kuko wazi. Kisha maji yakarudi. Wakati huohuo ile mishumaa na majiko vimeshawasha moto, ukala mji siku tano. Ikulu ya Ribeira ikaenda na maktaba yake. Jumba la opera lilikuwa halijatimiza mwaka. Mfalme José I akakataa kulala tena ndani ya kuta za mawe, akajengewa makazi ya mbao kule Ajuda.

Sasa ufundi. Pombal, waziri wa mfalme, na wahandisi wa jeshi walinyoosha mitaa upya. Udongo wa Baixa ni tope la mto, kwa hiyo walipigilia magogo ya msonobari, msingi ukakaa juu yake. Ndani ya kuta wakaficha kizimba cha mbao, gaiola, fremu zenye mbao za kukingamana kama X. Jiwe likitikiswa linapasuka. Mbao inapinda na kurudi. Mfano wake waliujaribu kwa kuzungusha wanajeshi wakikanyaga kwa kishindo. Wanaouharibu ni wenye maduka wa siku hizi: anakata mbao za gaiola apate ukumbi mpana, na nyumba ya jirani inadhoofika pamoja na yake. Magogo nayo hudumu maadamu yamezama. Maji ya ardhini yakishuka, hewa inaingia, yanaoza. Kayatazameni Rua dos Correeiros, chini ya jengo la benki, pamoja na mabirika ya Warumi ya kutilia samaki chumvi.

Mama Karafuu: Nimeisoma nimesimama. Na Alfama ilisalimika vipi?

Fundi Mjengo: Iko juu ya ardhi ngumu zaidi. Ndiyo maana vichochoro vimebaki vya kale, pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Halafu pandeni Carmo, kanisa liliachwa bila paa hadi leo.

Kisiki: Mimi nilikuja kuuliza tramu tu.

Mama wa Jikoni: Turudi mezani. Mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa kabla hujaagiza si zawadi. Ukivigusa vinaingia kwenye bili. Hutaki, sema mapema wavirudishe. Kahawa ndogo ni bica, kunywa umesimama kaunta, meza ya nje bei inapanda. Kwa wanaokwepa nguruwe: bifana ni nguruwe, supu ya caldo verde huwekwa vipande vya soseji ya nguruwe, na banha ni mafuta yake. Nyama halali tafuteni Martim Moniz na Rua do Benformoso. Msikiti mkuu, wa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Bacalhau ni kama ng'onda wetu: hulowekwa saa 24 mpaka 48, maji yakibadilishwa mara kadhaa. Ukiletewa kinawasha ulimi kwa chumvi, mpishi aliharakisha.

Bint Shela: Na vile vikeki vya mayai, lazima Belém, wanavioka tangu 1837.

Konda Mstaafu: Si lazima. Duka lolote linalovitoa jikoni sasa hivi, vikiwa moto, unanyunyizia mdalasini. Cha moto cha mtaani kinamshinda cha Belém kilichopoa.

Bint Shela: Makufuru hayo.

Chelewa Ufike: Viza je? Na mwezi gani?

Mzururaji: Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, euro 90, bima isiyopungua euro 30,000. Peleka maombi angalau siku 15 kabla ya safari, na usiombe zaidi ya miezi sita mapema. Weka akiba ya kodi ya mji, euro 4 kwa usiku, mwisho usiku saba. Nenda Juni, usiku wa tarehe 12 mtaa mzima unachoma dagaa wakubwa.

Mama Karafuu: Usiende Juni, hulali. Oktoba.

Chelewa Ufike: Na raba za mtumba zinafaa?

Konda Mstaafu: Zigeuze uangalie soli. Kisigino kikiwa kimelika upande, ziache nyumbani.